Kompyuta Iliyotiwa Mafuta ya Cherehani

Walimwita Sindano. Si kwa wembamba, maana mwembamba hakuwa, wala hakutaka kuwa. Walimwita hivyo kwa ajili ya ulimi. Ukimpelekea suruali uliyoinunua dukani juzi, hata hajaikunjua vizuri ameshaitukana: "Hii imeshonwa na mtu mwenye hasira na wewe." Lakini mikono yake, jamani! Watu waliuvumilia ulimi ili waipate mikono. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye cherehani ileile ya kukanyaga kwa miguu, aliyoachiwa na mama yake, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumwona akinunua kitu chochote cha mashine bila kukisikiliza kwanza.

Ndiyo, kukisikiliza. Feni, baiskeli ya mumewe, hata saa ya ukutani, vyote viliingia nyumbani mle baada ya kupita kwenye sikio lake. "Mashine haijui kusema uongo," alikuwa akisema. "Mwenye nayo ndiye anayedanganya." Kwa hiyo Jumatatu ile alipoingia duka la kompyuta, akapiga magoti sakafuni na kubandika sikio kwenye ubavu wa mashine iliyokuwa imewashwa, yeye aliona anafanya jambo la kawaida kabisa. Muuzaji ndiye aliyeruka kutoka nyuma ya kaunta akidhani mteja ameanguka.

"Mama, vipi? Nikuletee maji?"

"Hebu nyamaza kwanza. Nasikiliza."

Mumewe alisimama nyuma, ameukumbatia mkoba wa mkewe kifuani. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mageti ya mtaa mzima ni kazi ya mikono yake, na nyundo zilikwisha kumla masikio siku nyingi. Ukitaka akusikie, simama kuliani kwake na useme mara mbili.

"Mimi naona iko kimya kabisa," alisema.

"Wewe hata radi iko kimya," Sindano alimjibu bila kuinua kichwa.

Sasa msimwone kituko. Mama wa watu alikuwa na jambo zito, na siku zilikuwa zinamwishia.

Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, dada yake aliyemtangulia kwa miaka minne. Dada huyo ndiye aliyemtilia vifungo na kumalizia kazi za mkono. Kila asubuhi baada ya chai huja, huketi kwenye kigoda kando ya cherehani, na hao wawili huanza kuimba. Nyimbo zilikuwa za Sindano mwenyewe, alizozitunga hapohapo akikanyaga: wimbo wa bwana aliyeshonesha suti ya harusi asije kuichukua, wimbo wa mvua inayowakuta watu na nguo kambani, wimbo wa mama yao. Sindano alishika sauti ya juu, dada akashika ile ya chini, nzito, ya kukaliwa kitako. Wateja waliokuja kuchukua sketi mara moja walijikuta wamekaa saa nzima, na wengine walisahau hata sketi yenyewe.

Na dada alikuwa anaondoka. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, alikuwa amepata pacha, na amemwita mama yake akaishi naye amsaidie kulea. Si wiki mbili, si miezi miwili. Alipoulizwa atarudi lini, dada alisema, "Tutaona." Sindano aliijua hiyo "tutaona", ndiyo waliyowajibu watoto wao kila walipoomba kununuliwa baiskeli. Ndege ilikuwa Jumapili asubuhi. Na katika miaka yote ile ya kuimba, hakukuwa na wimbo hata mmoja uliohifadhiwa popote isipokuwa vichwani mwao.

Walikuwa wamejaribu. Walijirekodi kwa simu, wakasikika kama watu walioangukia ndani ya pipa. Wakaenda studio, mwenye studio akawatwangia ngoma zake mwenyewe juu ya sauti, kisha akazinyoosha hizo sauti kwa kompyuta mpaka dada alipozisikiliza aliuliza, kwa heshima zote, "Na hawa ni akina nani?"

Mwalimu wa muziki, mteja wa siku nyingi, ndiye aliyewafungua macho. Alikuwa anapimwa kiuno cha suruali aliposema kwamba siku hizi mtu anarekodi nyumbani kwake bila kusumbuliwa na yeyote. Angewaazima maikrofoni na kile kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta. "Wewe tafuta kompyuta tu," alisema. "Ya mezani, yenye nguvu kiasi, na zaidi ya yote iwe kimya. Maikrofoni yangu inasikia hata mawazo." Basi kauli hiyo ndiyo iliyompigisha Sindano magoti dukani.

Muuzaji aliitwa Profesa. Mtaa ulimpa cheo hicho kwa sababu hakuwahi kulijibu swali kwa sentensi moja. Alianza kwa kumwonyesha fahari ya duka: sanduku la kioo lenye taa nyekundu, kijani na zambarau zinazokimbizana.

"Hii ndiyo mwisho wa matatizo, mama. Wacheza michezo ya kompyuta wanaigombania."

"Mimi sichezi, naimba. Hizi taa zinafanya nini?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Profesa alijibu kwa neno moja. "Zinawaka."

"Mmh. Na feni sita zote hizi?"

"Zinapoza humo ndani."

"Zinapoza nini, taa?"

Mumewe aliangua kicheko. Bahati nzuri alikuwa amesimama upande wake wa kusikia. Sindano akatega sikio kwenye kile kioo, akasikia upepo wa nyumba iliyong'oka paa, akatikisa kichwa na kuendelea mbele. Profesa akamletea kompyuta ya kukunja, nyembamba, ya kupakatwa mapajani. Sindano aliigeuza juu chini.

"Inafunguliwaje?"

"Hii si ya kufungua, mama. Vitu vingi vimegandishwa humohumo."

"Kisichofunguka sikinunui. Kikiharibika kitazikwa na siri zake."

Alisikiliza ya tatu, ikawa inafoka. Ya nne ilinung'unika. Ndipo alipoona, pembeni, chini ya maboksi matupu, kisanduku cha kijivu kilichochubuka pembe, bado kina alama ya karatasi iliyobanduliwa.

"Hiyo imetoka ofisini, mama, imetumika," Profesa alisema kwa aibu kidogo. "Nguvu inayo, lakini sura haina."

"Hata mume wangu sura hana, na tumekaa miaka ishirini na minane."

"Anasemaje?" mume aliuliza.

"Anakusifu," alijibu Profesa haraka.

Kikawashwa. Sindano alifumba macho, akabandika sikio. Feni moja tu, kubwa, inayozunguka bila haraka. Lakini hakuridhika. "Ipe kazi," aliamuru. "Mashine isiyo na mzigo huwa na adabu zote." Profesa, ambaye sasa alikuwa ameanza kumheshimu, akafungua programu baada ya programu mpaka kioo kikajaa. Feni haikupandisha sauti. Ila Sindano alikunja uso.

"Humu mna panya. Kuna kitu kinakwaruza."

Profesa akainama naye akasikiliza, akainuka ameduwaa. Kilikuwa diski, ya zile za zamani zinazozunguka. Alisema ataitoa na kuweka ya kisasa, isiyo na kitu kinachozunguka, na ataongeza kipande kimoja cha memori kando ya kile kilichomo. Hapo sasa akamshushia somo: diski ni kabati la kuwekea vitambaa, memori ni meza ya kukatia, ikiwa ndogo unakunjakunja na kazi haiendi, prosesa ni mkono wenye mkasi. Sindano alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa analifanyia watu wengi.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," mumewe alisema wakati wanatoka, diski na memori zimekwisha kufungwa, amebeba kisanduku begani. "Hiki hakikujiuza wala kujitembeza. Umekichimbua."

Nyumbani kilipata meza kwenye chumba cha kushonea, na mwalimu wa muziki alipokuja Jumanne kuwafungia vyombo alipiga makofi mara moja, akasikiliza, akacheka. Watu hununua masponji wakayabandika ukutani ili kuua mwangwi. Sindano alikuwa na majora ya vitambaa mpaka darini, kuta tatu, na mwangwi ulikuwa umekwisha kufa tangu enzi za mama yake. Mwalimu akamwonyesha programu: sauti hii inalala kwenye mstari wake, ile inalala chini yake, pabaya unapakata, pazuri unapaunganisha. "Ala! Kumbe ni kushona tu!" Sindano alipiga ukelele. Siku mbili nzima hakushika nguo ya mtu. Alijirekodi akihesabu, akikohoa, akimtukana mteja wa suti ya harusi, na kila alipojisikiliza alicheka peke yake kama mwehu.

Jumatano jioni feni ikaanza kulia. Kidogo tu, *wii*, kisha kimya, kisha *wii*.

Na hapa ndipo mazoea yalipomponza. Kila Alhamisi kabla ya kuanza kazi, Sindano huitia cherehani mafuta. Huo ndio mwendo aliofundishwa na mama yake: tone moja kila penye kiungo, usiruke hata kimoja. Alhamisi ile alipomaliza, kichupa bado kiko mkononi, aliiangalia ile kompyuta ikilia pale mezani, akaionea huruma.

"Na wewe mgeni usikae na njaa," aliiambia.

Akaizima, maana mjinga hakuwa, akafungua ubavu, akadondosha tone kwenye kitovu cha feni. Ingekuwa mwingine angeishia hapo. Lakini penye kiungo ni penye kiungo. Alichungulia ndani, akaona vipande viwili virefu vimesimama wima vimebanwa kwenye mifereji, akaona hapo pamekauka sana, na akapamiminia kwa moyo mkunjufu. Akafuta, akafunga, akaiwasha.

Feni ilinyamaza, hilo lazima lisemwe. Ila kioo kilibaki cheusi, na kompyuta ikasema *pii, pii, pii*, kama inayomshtaki.

Akaizima, akaiwasha. *Pii, pii, pii.* Mara nane. Mara ya tisa akakaa. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, basi. Dada alipoingia na vifungo vyake aliikuta imefunikwa kwa kitambaa cha pazia.

"Vipi, iko tayari?"

"Inapumzika."

"Imefanya kazi gani mpaka ipumzike?" dada aliuliza, lakini Sindano alikuwa amekwisha kuanza kukanyaga kwa nguvu, na siku hiyo hakuimba.

Masikio ya mumewe yalikuwa yameharibika, pua ilikuwa nzima. Alipotoka kazini alisimama mlangoni, akanusa. "Mbona kompyuta inanukia cherehani?"

Hapo Sindano, mwenye ulimi wake wote ule, alilia. Alisema yote, mara mbili, upande wa kulia. "Nimeiua! Dada anaondoka na sauti yake, sitaipata tena, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiua, kwa mafuta!" Mumewe aligeukia ukuta kwa muda, na mabega yake yalitikisika kwa namna isiyofanana na huzuni. Kisha akageuka, uso umenyooka.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Twende kwa Profesa."

Duka lilikuwa limefungwa. Jirani yake aliwaambia Profesa amekwenda kufunga kompyuta katika shule moja ya mbali, hatarudi mpaka Jumamosi. Walimpigia simu, akaahidi kufika kwao asubuhi hiyo moja kwa moja. Ijumaa nzima Sindano alishona vibaya, akafumua, akashona vibaya tena.

Profesa alifika Jumamosi saa nne na mkoba wake. Alifungua ubavu, akatazama, akanusa, akagusa kwa kidole na kukitazama hicho kidole.

"Mama, hii ni nini?"

"Mafuta ya cherehani."

"Kwenye memori?"

"Penye kiungo," Sindano alijibu kwa sauti ndogo.

Profesa alitafuta kigoda, akakaa, akavua miwani, akacheka mpaka akafuta macho kwa shati. Lakini alikuwa mtu mwema. Alichomoa vile vipande viwili, akavisafisha kwa spiriti, akayasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akapitisha brashi kwenye mifereji, akasubiri pakauke huku akieleza historia ya memori tangu mwanzo wa dunia. Kisha akavirudisha na kubonyeza.

Kioo kikawaka. Sindano alipiga ukelele ambao hata mumewe aliusikia kutoka uani.

"Na feni?" aliuliza baadaye, kwa wasiwasi.

"Feni umeipatia," Profesa alisema. "Hata mimi zinapolia hivyo hutia tone. Ila mama, tone. La feni. Basi."

Dada alikuja saa nane mchana, na mkononi alikuwa na koti la sufu, zito, alilokuwa ameshonewa na mdogo wake la kwenda nalo kwenye baridi.

"Mdogo wangu, hili koti lina mfuko mmoja. Mimi nina mikono miwili."

Sindano alijishika mdomo. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kumcheleweshea mtu nguo, na sasa, kwa hiyo kompyuta, amemcheleweshea dada yake wa tumbo moja. "Tuimbe kwanza," alimsihi. "Nitaushona baadaye, nakuapia."

Mumewe aliwekwa mlangoni kuwazuia wateja, kazi aliyoifanya vizuri mno kwa kuwa hakusikia ombi hata moja. Madirisha yakafungwa. Maikrofoni ikasimamishwa katikati ya chumba, dada huku, Sindano kule, na kile kisanduku cha kijivu mezani kimenyamaza kabisa. Sindano akabonyeza, wakaanza.

Ikawa aibu tupu. Dada aliingia mapema. Mara ya pili akachelewa. Mara ya tatu hakuingia kabisa. Sindano akapiga vidole kwenye meza kumwongoza, ikawa mbaya zaidi. Wakajaribu ile saa ya kuhesabu mapigo iliyomo kwenye programu, dada akasema inamkumbusha bomba linalovuja. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikagonga. Sauti za miaka yote ile zilikuwa zimekataa kutoka.

"Sipaoni pa kuingilia," dada alisema mwishowe, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Huu ukimya ulioutafuta wiki nzima, mimi siujui kuuimbia. Na koti langu halina mfuko." Akaondoka kwenye maikrofoni, akaenda kuketi kwenye kigoda chake kando ya cherehani, koti mapajani.

Sindano akamtazama pale alipoketi. Akaitazama cherehani. Akaitazama kompyuta. Halafu akaanza kucheka, taratibu kwanza, kisha kwa mwili mzima.

"Loo, mjinga mimi! Wiki nzima nawinda kelele, na wimbo wenyewe nimeuacha kwenye pedali!"

Akaibeba maikrofoni mpaka kando ya cherehani. Akaketi mahali pake, akaweka kitambaa cha kujaribia chini ya sindano, akanyoosha mkono akabonyeza, akakanyaga. *Taka-taka-taka.* Kichwa cha dada kikaanza kuitikia chenyewe, na ilipofika zamu yake ile sauti ya chini ikaingia pale palepale ilipokuwa ikiingia miaka yote. Waliimba mvua na nguo kambani. Waliimba bwana wa suti, wakacheka katikati, wakakiacha kicheko humohumo. Waliimba nyimbo nane mfululizo, na kompyuta haikuongeza hata pumzi yake juu ya zao.

Kwa wimbo wa mwisho, ule wa mama yao, Sindano alilichukua koti. Alibandika mfuko kwa pini, akauweka chini ya sindano, akakanyaga polepole. Alishuka ubavu mmoja wa mfuko wakiimba wote wawili. Alipofika kwenye pembe akasimamisha mguu na kugeuza kitambaa, pini ikiwa kati ya meno yake; dada akaendelea peke yake. Akashona kitako cha mfuko, akaimba. Pembe ya pili, akasimama tena, dada akaendelea tena peke yake. Kisha wakapanda pamoja mpaka juu, na Sindano akakata uzi.

Kesho yake asubuhi dada aliondoka na koti lenye mifuko miwili, na nyimbo tisa kwenye simu.

Wiki tano baadaye, Sindano yuko kazini, simu ikalia.

"Mdogo wangu."

"Dada! Habari za huko? Wajukuu?"

"Wajukuu wanalia kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, wametutoka sisi. Mimi niko kituo cha basi. Baridi hii, usiombe. Nimevaa koti, nimekuwa nasikiliza ule wimbo wa mama. Kuna mahali cherehani inanyamaza, naimba peke yangu. Mara mbili."

"Ndipo nilipogeuza pembe za mfuko."

"Najua," dada alisema. "Nimeutia mkono humo. Kila ikinyamaza, kidole changu kinakuwa kimefika pembeni."

Sindano aliilaza simu mezani karibu na cherehani, akapangusa macho kwa upindo wa nguo ya mteja, akakanyaga. Na huko aliko, kituoni, katikati ya watu wasiomjua, dada yake akaingia pale palepale.